Banda la bati lililopinda: lilifaa vitani, je, litafaa kwa ghala lako?

Msomaji wa Njombe ameandika:

"Shikamoo mhandisi. Babu yangu alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki, wakati wa Vita ya Pili. Kati ya picha alizotuachia ipo moja amesimama na wenzake mbele ya banda la bati lililopinda, paa na ukuta ni kitu kimoja, mlango uko mbele. Nimeona mengine kama hilo kwenye picha za Uingereza na Marekani. Nani aliyabuni, na kwa nini walipinda bati badala ya kupaua kawaida? Nauliza kwa sababu fundi wangu anasema bati linakunjwa kiwandani, na mimi nataka kujenga ghala la mahindi na chumba cha mlinzi bila kenchi, maana mbao zimepanda bei. Nimsikilize?"

Marahaba. Nianze na la mwisho: kwa ghala msikilize, lakini kwa masharti nitakayoyataja huko chini. Kwa chumba cha mlinzi mkatalie. Sababu za majibu yote mawili zimo kwenye historia ya mabanda yenyewe, kwa hiyo nivumilie kwanza tuanzie Ufaransa, mwaka 1916, katikati ya Vita ya Kwanza ya Dunia.

Jeshi la Uingereza lilikuwa limekwama kwenye mahandaki ya kaskazini mwa Ufaransa na Ubelgiji, na idadi ya askari ilikuwa inapanda tu. Mtu akitoka mstari wa mbele kwenda kupumzika alihitaji mahali pakavu pa kulaza ubavu. Mahema hayakufaa kwa baridi na tope la kule. Mabanda ya mbao yalifaa, lakini yalikula mbao nyingi na yalidai maseremala, na kila ubao ulipaswa kuvuka bahari kisha ugombee nafasi na mizinga na chakula. Shida ilikuwa ya usafirishaji kuliko ya ujenzi. Ukilishika hilo, mengine yote utayaelewa.

Aliyeipatia dawa ni Meja Peter Norman Nissen wa kikosi cha wahandisi cha Royal Engineers. Alizaliwa Marekani mwaka 1871, baba yake Mnorwe, akasomea Kanada na kuwa mhandisi wa migodi. Kabla ya vita alikuwa na kinu alichobuni mwenyewe cha kuponda mawe ya dhahabu, akakipeleka mpaka Witwatersrand, Afrika Kusini. Huo mgodi mimi nauona ndani ya banda lake. Mtu wa migodini amezoea kufikisha mitambo mahali pasipo na barabara wala fundi, na anajua kwamba kipande kisichobebeka ni sawa na kipande ambacho hakipo. Alianza majaribio Aprili 1916, akajenga mabanda matatu ya mfano, na kufikia Agosti viwanda vilikuwa vinayatoa kwa wingi. Katika vita ile peke yake yalitengenezwa si chini ya 100,000.

Bati lenyewe halikuwa geni. Henry Robinson Palmer, mhandisi wa bandari ya London, alilipatia hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, bati la migongo mwaka 1829, na tangu mwanzo kabisa watu walilitumia likiwa limepindwa kuwa paa la tao. Nissen alichofanya ni kupanga vipande.

Sasa tulifungue banda lenyewe. La kawaida lilikuwa na upana wa futi 16, karibu meta 4.9. Mifupa yake ni mbavu za chuma cha umbo la T, kila ubavu ukiwa vipande vitatu vinavyofungwa kwa boliti. Mbavu zilisimama kila baada ya futi 6 hivi, na ndiyo maana banda lilirefushwa kwa hatua za futi sita sita: ukitaka nafasi zaidi unaongeza ubavu mwingine, huhitaji mchoro mpya. Juu ya mbavu zilipita papi za mbao za inchi 3 kwa 2. Papi hizo zilishikwa na boliti zenye ndoano, na ndoano iliingia kwenye tundu zilizotobolewa tayari kwenye ubavu huko kiwandani. Askari asiyejua tofauti ya randa na msumeno angeweza kuifanya kazi hiyo, na ndivyo ilivyokusudiwa.

Kisha yakaja mabati, yamepindwa tayari, kila moja futi 10 na inchi 6 kwa futi 2 na inchi 2. Matatu yalitosha kuvuka kutoka chini upande huu hadi chini upande ule. Yalipandana inchi 6 kwenye ncha na migongo miwili pembeni, kama ambavyo fundi yeyote mzuri angepandisha leo. Kwa ndani liliwekwa tabaka la pili, la bati au la mbao, na uwazi uliobaki katikati ulipunguza baridi. Ncha mbili zilizibwa kwa fremu za mbao zenye mlango na madirisha. Sakafu ya mbao ilikaa juu ya vigingi vifupi, na kila kigingi kilikanyaga kibao kipana ili banda lisizame kwenye tope.

Watu sita walilisimamisha kwa saa nne. Walipowekwa kushindana, rekodi ilifika saa 1 na dakika 27. Gari moja la kawaida la jeshi lilibeba banda zima, kwa sababu mabati yenye mpindo mmoja hulaliana kama sahani na mbavu zilizovunjwa vipande vitatu hazidai nafasi. Banda dogo lilipangiwa askari 24.

Umeuliza kwa nini walipinda. Sababu ya kwanza wengi hawaitaji. Katika nyumba ya kawaida, kazi inayodai fundi ni pale ukuta unapokutana na paa: kenchi zipimwe, zikatwe kwa pembe, zifungwe vizuri upepo usizing'oe. Bati lililopinda halina mahali hapo. Kona imefutwa, na fundi wake amefutwa pamoja nayo. Sababu ya pili ni nguvu. Bati lililonyooka ukilikanyaga katikati ya papi mbili linabonyea, ila tao hugawa mzigo na kuuteremsha kwa mzunguko mpaka kwenye miguu yake, kwa hiyo bati jembamba linafanya kazi ya kitu kinene. Maji na theluji hujiteremkia zenyewe. Kuna na sababu ya vipande vya mabomu: Wamarekani walipokuja kuagiza mabanda yao walitaja wazi kwamba umbo liwe la tao ili vipande viteleze. Mimi siipi uzito mkubwa. Bati la unene ule halizuii chuma kinachokuja moja kwa moja, labda kinachopita kwa mshazari.

Wamarekani walilichukua wazo hilo mwaka 1941, kabla hawajaingia rasmi vitani. Jeshi lao la majini lilihitaji mabanda ya kupeleka kambi za ng'ambo, na kazi ikapewa kampuni ya George A. Fuller huko Rhode Island, karibu na mahali panapoitwa Quonset Point, na jina la mabanda yao, Quonset, likatoka hapo. Msanifu mkuu alikuwa Otto Brandenberger, mzaliwa wa Uswisi. Mabanda ya kwanza yalipakiwa melini Juni mwaka huo huo. Yale ya mwanzo yalifanana sana na la Nissen, hata ubavu wa T na upana wa futi 16 vilikuwamo, ila ndani yaliwekwa bodi ya nyuzi za mbao na kizuia joto.

Baadaye wakaachana na ubavu wa T. Wakachukua chuma chepesi cha kampuni ya Stran-Steel, vipande viwili vimechomelewa mgongo kwa mgongo na kuacha mfereji mwembamba katikati. Msumari ukipigwa kwenye mfereji ule unapinda na kung'ang'ania. Yaani unapigilia bati kwenye chuma kwa nyundo, kana kwamba ni mbao, bila kutoboa na bila kuchomelea. Katika hadithi yote hii, kitu ninachokionea wivu kama mhandisi ni mfereji huo.

Banda lao lililoenea zaidi lilikuwa futi 20 kwa 48. Lilichukua kiasi cha tani 3.5 za shehena, watu kumi walilimaliza kwa siku moja, na liliweka askari 25. Hesabu iliyowafurahisha wakubwa wa jeshi ni kwamba lilikula nafasi ndogo melini kuliko mahema yenye sakafu na fremu za mbao ya watu wale wale. Yalitengenezwa kati ya 150,000 na 170,000, mbali na maghala makubwa ya futi 40 kwa 100.

Ukitaka kutambua la babu, tazama miguu ya banda kwenye picha. La Nissen si nusu duara kamili: karibu na ardhi ukuta hurudi ndani kidogo. Kama ndani panaonekana, tafuta ubavu wa T uliogawanyika vipande vitatu. Na kama ni pana sana, la upana wa meta kumi na zaidi, huenda ni banda la Romney, ghala la Waingereza la Vita ya Pili lenye mbavu za mabomba. Wakati wa vita hiyo kampuni ya Nissen ilisamehe haki zake za hataza, kwa hiyo mtu yeyote mwenye kiwanda aliruhusiwa kuyatengeneza. Nissen mwenyewe alikuwa ameshafariki mwaka 1930. Kwa yale ya vita ya kwanza hakulipwa mrabaha. Alilipwa kwa yaliyouzwa baada ya vita, pauni 13,000 hivi, akapewa na nishani ya DSO. Ukigawa kwa mabanda 100,000 utaona jeshi halikupata hasara.

Sasa tuje kwenye kuishi ndani yake, maana hapa ndipo chumba cha mlinzi kinapokufa.

Banda lilikuwa zuri kwa mtu anayelala wiki mbili kisha anaondoka. Jiko moja la chuma lilikaa katikati, bomba limetoboa paa; aliyelala karibu nalo aliungua, aliyelala mlangoni aliganda. Pumzi za watu ishirini na kitu zilikutana na bati la baridi zikageuka matone, matone yakadondokea blanketi. Kisha ukuta umepinda. Kabati halikai ukutani, kitanda hakisogei mpaka mwisho, na dirisha la ubavuni unalipata kwa kukata tao na kujenga kijipaa juu yake, nawe tao ndilo nguvu yako yote. Banda la Quonset la futi 20 kwa 48 lina futi za mraba 960 kwenye karatasi, lakini wenyewe Wamarekani walihesabu 720 tu kuwa za kutumika. Robo nzima ya sakafu imekwenda chini ya bati, mahali ambapo mtu mzima hasimami wima.

Hata hivyo watu walikaa humo, kwa sababu ya dhiki. Mwaka 1946 Uingereza haikuwa na nyumba za kutosha, na familia zilianza kuvamia kambi za jeshi zilizoachwa, kuanzia mji wa Scunthorpe. Kufikia Oktoba, England na Wales zilikuwa na watu zaidi ya 39,000 katika kambi zaidi ya 1,000, wengi ndani ya mabanda haya haya ya Nissen. Reykjavik, mji mkuu wa Iceland, mitaa ya mabanda ya jeshi ilikaliwa na raia mpaka miaka ya 1960. Los Angeles walisimamisha Quonset 750 katika bustani ya Griffith Park, kila moja ikagawanywa kwa familia mbili za askari waliorudi. Hayo yote yalikuwa makazi ya kungojea. Nyumba zilipopatikana watu walihama.

Nissen mwenyewe aliwahi kujaribu kuleta paa lake uraiani. Miaka ya 1920, Yeovil huko Somerset, zilijengwa nyumba zenye paa la chuma la nusu duara, zinaitwa Nissen-Petren, na lengo lilikuwa kuwapa wananchi nyumba za bei nafuu. Hesabu ilipokamilika gharama ilikuwa imepita makadirio, mpango ukafa. Uzuri wa banda ulikuwa kwenye safari na haraka. Ukiondoa hivyo viwili, unabaki na chumba chenye kuta za ajabu.

Kuna lililogeuka kuwa kitu kingine kabisa. Kwenye kisiwa kidogo cha Lamb Holm, Orkney, kaskazini mwa Scotland, wafungwa wa Kiitaliano waliokamatwa Afrika Kaskazini waliunganisha mabanda mawili ya Nissen, ncha kwa ncha, wakafanya kanisa. Msanii wao, Domenico Chiocchetti, alichora bodi za ndani mpaka ukiingia unadhani unaona matofali na nakshi za mawe. Lipo mpaka leo. Lakini jeshi zima la wafungwa, msanii mmoja mwenye kipaji na miaka ya kufungwa si vitu utakavyoviweka kwenye bajeti ya ghala.

Kwetu Afrika Mashariki ndugu yake wa karibu ni kibanda cha bati cha mviringo kiitwacho uniport, ambacho askari polisi wa Kenya na Uganda wameishi humo na familia zao miaka na miaka. Hicho si Nissen, kwa chini ni duara, lakini kimezaliwa na fikra ile ile ya kambi ya haraka. Waganda walikipa jina la "mama ingia pole". Muulize yeyote aliyekulia humo kuhusu saa saba mchana, kisha ndio umpangie mlinzi wako chumba.

Basi, tuje kwenye ghala.

Fundi wako yuko sahihi kwamba kenchi utaziepuka. Ila mpe hesabu hii. Nusu duara ya upana wa futi 20 ina mzunguko wa futi 31 na kidogo. Paa la kawaida la upana huo, pamoja na mabati yanayotokeza nje kumwaga maji, ni kama futi 24 au 25. Kwa hiyo bati utanunua zaidi, na bado mbavu za chuma hujazinunua. Unachookoa ni kenchi na kuta mbili za pembeni. Kama matofali unachoma mwenyewe na mchanga uko jirani, akiba hiyo inaweza kuyeyuka yote. Kama kila tofali litapanda lori, tao linaanza kushinda. Piga hesabu kwa bei za Njombe, usichukue za Dar es Salaam.

Ukiamua kujenga, usijenge chini ya futi 20 kwa upana. Ile robo ya sakafu inayopotea pembeni kwenye ghala si hasara, kwa sababu magunia hayapaswi kugusa bati hata kidogo. Njombe usiku kuna baridi. Bati likipoa, unyevu wa ndani utageuka matone juu yake na kuteremka kwa mzunguko mpaka chini. Panga magunia katikati juu ya chaga, acha njia pembeni ya kupita kukagua panya na wadudu. Mahindi yenyewe yaingie yakiwa makavu, unyevu usizidi asilimia 13.5, maana banda hili halisamehi mahindi mabichi.

Bati lichague la migongo ya mviringo. Lile la migongo ya pembe likipindwa hufanya makunyanzi. Lipindwe kwa mashine ya kiwandani, fundi asilizungushe kwenye pipa hapo uwanjani. Chukua geji 28, au 26 ukiweza. Kumbuka namba ikishuka unene unapanda. Na usikubali kujenga bila mbavu ati bati litajibeba. Yapo majengo ya namna hiyo, lakini yanatumia chuma kinene cha umbo maalumu, si bati la dukani.

Jambo ambalo waigaji wengi hulikosa ni miguu. Tao likibeba mzigo linasukuma nje, pande zote mbili. Kwenye banda la Nissen, fremu ya sakafu ya mbao ilikuwa imeifunga miguu hiyo, huu upande kwa ule. Ukisimamisha mbavu juu ya vipande vya zege visivyounganishwa, baada ya misimu kadhaa miguu itatanuka, kichwa kitashuka, na boliti zitaanza kukatika moja moja. Mwaga mkanda wa zege kila upande, kisha pitisha nondo chini ya sakafu kuunganisha mikanda hiyo miwili, walau kila penye ubavu. Boliti za kushika ubavu zizikwe wakati zege bado bichi.

Boliti hizo zina kazi nyingine, ya upepo. Upepo ukipita juu ya tao huvuta kwenda juu, na banda zima ni jepesi. Ukiacha ncha moja wazi na nyingine imezibwa, upepo utaingia na kusukuma kutoka ndani pia, hapo ndipo utakapolikuta banda lako shambani kwa jirani. Ziba ncha zote mbili kwa tofali, weka mlango kila upande ili ukiingiza mzigo mpya huku utoe wa zamani kule, na juu kabisa ya kila ukuta acha tundu la hewa lenye wavu mdogo wa kuzuia ndege na panya. Wamarekani walipoyapeleka Quonset kwenye mvua za Pasifiki waliongeza mdomo wa futi 4 kila ncha. Nawe fanya hivyo, la sivyo mvua ya upepo itakuingilia mlangoni.

Na mlinzi mjengee chumba cha tofali nje ya ukuta wa mbele, karibu na mlango mkubwa, chenye paa la kawaida la mteremko mmoja na dirisha linalotazama njia ya lori. Ni kenchi nne au tano tu, fundi wako atazipata.